Ekra Uliyoiacha Wazi Mezani

Mpendwa Baba Salma,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako, ile ya kando ya dirisha la uani. Leo ndiyo mara ya kwanza tangu utuache kupata nafasi ya kuweka karatasi juu yake. Mungu akupe kivuli huko uliko.

Mganga hajigangi, nilikuwa nakutania. Rumonge nzima walikuletea redio na televisheni zao, na wewe nyumbani kwako unaishi na ekra ya kompyuta iliyokufa. Na unajua ilivyokufa. Wewe uliyewafundisha majirani wote kwamba umeme ukirudi wauache kwanza, mpaka taa ya barazani iache kupepesa, siku ile ulichomeka waya upesi upesi kwa hamu ya kunionyesha picha za harusi ya dada yako. Ekra ikalia kidogo, ikazima. Ukanitazama kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mama Salma, hii usimuambie mutu."

Sijamwambia mtu mpaka leo.

Uliifungua, nikakushikia tochi kama kawaida yetu. Ukanionyesha zile kondasateri tatu, vikopo vidogo vya ndani vilivyovimba vichwa, ukasema ndizo zilizokufa, kioo chenyewe hakina neno. Ukaleta mpya kutoka sokoni. Halafu kifua kikakubana, na wiki hiyo hiyo tukakuzika. Ekra ikabaki mezani tumbo wazi, skurubu zake ndani ya kifuniko cha chupa.

Nimo ndani ya eda sasa. Kaka yako alikuja kutoka Kabezi, akakaa barazani, akazungumza kwa upole, maana si mtu mbaya.

"Shemeji, eda ikiisha, wewe na mama na mutoto mutakuja kukaa kwangu. Hapa mutakula nini?"

Nikamwambia nitapiga barua za watu kwenye kompyuta, hapa hapa nyumbani, kama nilivyokuwa nikifanya pale sekretariati kabla hujanioa.

"Na ekra gani? Hii iko imekufa. Leo naibeba naenda kuitupa."

Mama yako ndiye aliyejibu kutoka ndani: "Iache. Ni kazi ya mutoto wangu, hajaimaliza."

Siwezi kutoka, na fundi mwanamume hawezi kuja kukaa chumbani na mjane siku hizi. Ningeweza kuituma sokoni vipande vipande ndani ya beseni, lakini sikutaka. Nilijua mafundi wa huko wangeanza kwa kubandua kila ulichokigusa.

Jana, nilipomaliza kufua, niliwasha pasi yako ya kulehemu. Mama alishika tochi.

"Nimulike wapi?" akaniuliza.

"Hapa chini, mama."

Nikaugeuza ule ubao mdogo wa umeme, nikatafuta zile kondasateri tatu zilizovimba. Nikaona moja tu. Mbili ulikuwa umekwisha kuzibadilisha. Risasi uliyozilehemia ilikuwa safi, ya duara, kama kichwa cha pini. Sikuwa na habari. Labda ni asubuhi ile niliyokwenda kununua samaki wa ndagala, ukaniambia utalala kidogo. Hukulala. Ulikaa hapa peke yako na kifua chako kinachouma, bila mtu wa kukumulikia. Nililia, Baba Salma, nikalia kuliko siku ya maziko. Mama alizima tochi akaniacha. Baadaye akaiwasha tena.

"Imebaki moja. Maliza."

Nikaimaliza. Risasi yangu imekaa vibaya, imejikunja upande mmoja, ungeicheka. Lakini nilipokivuta kile kikopo, hakikutikisika.

Umeme, bila shaka, ulikuwa umekatika tena. Umeme ulirudi karibu na alasiri, na mama akasema nichomeke haraka kabla haujaondoka tena. Nikamkatalia. Tukaenda kuswali kwanza, tukarudi, tukaitazama taa ya barazani mpaka ikatulia. Ndipo nikachomeka.

Ikawaka. Nikafungua zile picha za harusi ulizotaka kunionyesha. Umo, umebeba sinia la pilau, unaikimbia kamera. Mama alikufuata kwa kidole kwenye kioo. Kisha akaniomba simu ampigie mwanawe wa Kabezi.

"Amahoro, mwanangu. Kile chumba ulichotuwekea, weka mutu mwingine. Sisi tuko nyumbani."

Nimenuna kwa sababu hukuningoja siku ile nikushikie tochi. Itapita. Skurubu zote nimezirudisha. Humo ndani kuna viungo vitatu vipya, viwili vyako, kimoja changu, na ndivyo vitakavyotulisha.

Pumzika sasa. Imekwisha.

Mkeo, mshika tochi wako,
Mama Salma