Mtu Aliyekuja Kumpima Elia

Barking, huku kwa Waingereza, Jumapili, Novemba. Manyunyu tangu asubuhi, na mimi nimekunja uso tangu mgeni aondoke.

Sikumwamini.

Elia, mwanangu wa pekee, ana miaka kumi na saba na anacheza hoki ya barafuni. Ni beki. Kazi yake ni kukaa nyuma, kumlinda golikipa na kuwanyang'anya wapinzani kile kisahani cheusi wanachokigombania kwa magongo. Kila mwaka timu kubwa za kulipwa za Marekani na Kanada huchagua vijana wa umri wake kwa zamu, jina kwa jina. Akichaguliwa, ndoto yake imetimia. Asipochaguliwa, kuna nafasi ya kujifunza ufundi wa umeme, na wenye nafasi hiyo wanasubiri jibu lake.

Mgeni anaitwa Bwana Keith. Anazitafutia timu hizo vipaji. Jana alimtazama Elia uwanjani, kisha akamwomba kocha ruhusa ya kuja nyumbani kuzungumza nasi. Ni mtu mzima, mpole, na viatu alivivua mlangoni bila kuambiwa. Hata hilo nilimtilia shaka. Nani alimfundisha?

Nilimwita shemeji Yohana, mdogo wa marehemu mume wangu, akae nasi. Kwetu mgeni wa namna hiyo hapokelewi na mama peke yake.

Nilitegemea sifa. Badala yake Bwana Keith akaanza kumponda mtoto mbele yetu. Mwili anao, alisema, utulivu anao, na gongo lake linaziba njia vizuri. Lakini akicheza kama jana hatachaguliwa. Kisahani kikitupwa nyuma yake, anakifuata bila kugeuza shingo aone nani anamjia. Anasita. Wanamkuta, wanambamiza ukutani.

"Anacheza kama mtu anayengoja kuambiwa," alisema.

Yohana akaguna, akanigeukia na kusema kwa Kiswahili. "Umemsikia, shemeji? Huyu mnunuzi wa mnadani kabisa. Anashika mbavu za mbuzi, anasema kakonda, kumbe moyoni anamtaka huyohuyo."

Yohana na kaka yake walikua wakiswaga mbuzi kwenda mnadani, kwetu Dodoma. Pale hakuna mnunuzi anayesifu, maana anayesifu amejipandishia bei mwenyewe. Maneno yake yaliniingia. Nikafikiria pia habari ya rangi, kwa kuwa Elia ndiye mweusi peke yake kwenye timu ile.

Basi tukawa wauzaji. Yohana akamsifu Elia mpaka nikaona haya: hajawahi kuugua, babu yake alikuwa akiangusha fahali kwa mikono mitupu, na timu nyingine zimekwishapiga simu. Hakuna timu iliyopiga simu. Mimi nikatikisa kichwa kukubali.

Bwana Keith alituangalia kwa mshangao. "Mimi sinunui kitu," alisema polepole. "Nawapelekea watu wa timu nilichokiona, basi. Jumamosi nitamtazama tena, na hiyo ndiyo mara ya mwisho."

Akaaga.

"Mjanja huyo," Yohana akanong'ona. "Anajifanya anaondoka. Mwache afike pale kona, atageuka."

Tulisimama dirishani kama watoto. Hakugeuka. Alivuka barabara, akapanda basi.

Elia, aliyekuwa ameketi nasi muda wote, akatuambia kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha anayotujibia siku zote, kwamba yule mzee amesema kweli tupu na sisi tumemwaibisha yeye mwenyewe mbele ya mgeni. Akapanda chumbani kwake.

Yohana alipoondoka nilibaki naosha vikombe, na lile neno la kungoja kuambiwa likawa linanirudia.

Baba Elia hakuwahi kukaa kwenye viti. Alisimama nyuma ya goli letu, pua karibu na kile kioo kinachozunguka barafu. Timu zikibadilishana magoli, naye alihama, akipita mbele za watu na "samahani, samahani" yake. Mpinzani akimjia Elia kwa nyuma, mume wangu aligonga kioo kwa pete ya ndoa. Ko, ko. Elia aligeuka papo hapo. Nilimwambia watu watachoka na kelele zake. Akacheka: "Mama Elia, mtoto hana macho kisogoni."

Alifariki Februari.

Mwanangu anangoja kugongewa.

Nilikausha mikono, nikaenda kuitoa pete kwenye kabati. Inanipwaya hata kwenye kidole gumba. Nikajiona kabisa Jumamosi, nimesimama pale kwenye kioo, nagonga, Elia anageuka, Bwana Keith anaridhika. Ingekuwa rahisi sana. Mnadani wapo wanaomlambisha mbuzi chumvi ili anywe maji mengi, tumbo lijae, aonekane kanona. Mume wangu aliwadharau watu hao.

Mchana kutwa nimemshuku mtu aliyevua viatu. Wa kushukiwa nimekuwa mimi.

Na hata kama angechaguliwa kwa njia hiyo, huko Kanada nani angemgongea?

Nikapanda juu, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chake, nikamweleza yote, hata habari ya pete. Nilidhani namfunulia jambo. Alisikiliza akiwa ameangalia ukutani. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba anajua. Amejua tangu mechi ya kwanza baada ya mazishi. Kugeuza shingo anaweza, kocha amemfundisha. Ila akigeuka mwenyewe, bila mlio, ni kama kukubali kwamba pale nyuma ya kioo hakuna mtu.

Nilimshika mguu juu ya blanketi, akauacha.

Jumamosi nitakaa kwenye viti vya juu kabisa, mbali na kioo, mikono mapajani. Ageuke asigeuke, uamuzi ni wake. Mimi je, nitaweza kuangalia pale nyuma ya goli?