Yoti Niliyoisifu Kabla ya Kuliona Tumbo Lake

Tononoka, Mombasa
Alhamisi, baada ya adhuhuri

Kwa Baba yangu mheshimiwa, Fundi Faki, Lamu,

Shikamoo, Baba. Natumai barua hii itakukuta goti lako la kulia limepoa, na kikohozi cha Mama kimeondoka pamoja na baridi ya kusi. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio haukai. Tangu nianze kuandika nimeinuka kitini mara tatu: mara kufunga dirisha, mara kulifungua, na mara ya tatu sikumbuki niliinukia nini.

Najua tuliachana vibaya. Niliporudi kutoka chuo kikuu Kampala na shahada yangu, nilisimama kiwandani pako pa kuunda mashua, mbele ya mafundi wako, nikakwambia kwamba ujuzi usioandikwa ni kubahatisha. Ulinipa kisu chako kidogo cha mpini wa mpingo, ukasema, "Chukua, huenda ukapata kazi nacho." Nilidhani umeshindwa hoja. Mwaka mzima nimekitumia kufungulia bahasha.

Sasa nikueleze yaliyonipata nacho. Bwana Abdalla, mfanyabiashara wa nguo wa Mji wa Kale ambaye mimi ni karani wake, amekuwa akiwatazama Wazungu wanaofunga mizigo tangu tupate uhuru na kuuza wasichoweza kukibeba. Mmoja wao anauza yoti, ile mashua ya starehe yenye vyumba vya kulala ndani, iliyofungwa Mbaraki. Bwana Abdalla alitaka awe mtu wa kwanza wa mtaa wake kuwatembeza wageni katika yoti yake mwenyewe. Wazo hilo nililiunga mkono, na bado naliunga mkono: kwa nini bahari iwe yetu tunapovua na kupakia mizigo, lakini tunapotaka kustarehe iwe ya wengine? Ila ili ainunue, ilimbidi auze nyumba ya marehemu mama yake, anamokaa dada yake mjane, Bi Zuhura, ambaye angehamia vyumba viwili vya kupanga Majengo. Hati ya nyumba ilikuwa itiwe saini leo asubuhi.

Mimi ndimi niliyekabidhiwa ukaguzi wa yoti. Nilisoma vitabu vitatu, kisha nikaandika ripoti ya kurasa kumi na nne. Nilieleza kwamba mnunuzi aanze kwa kujiuliza chombo atakitumia kwa kazi gani, aache kuvutiwa na umbo lake; kwamba mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ukiwa mrefu hufaa penye kina, lakini maji yakitoka utakikwamisha chombo katika hori zetu; kwamba injini isiyopatikana vipuri vyake Mombasa ni sawa na kutokuwa na injini; kwamba tanga litazamwe mishono yake, na mlingoti pale unapopenya sitaha; kwamba nahodha na mtunzaji wajulikane kabla ya kununua. Ni maandishi mazuri, Baba, wala sitajifanya mnyenyekevu. Lakini kuhusu mbao za chini niliandika mstari mmoja tu: mwenyewe ana cheti cha ukaguzi, na rangi ni mpya.

Bwana Abdalla aliisoma ripoti hiyo kwa sauti barazani, kahawa ikipita. Wazee wakasema mashallah. Nikavimba, nikawaambia kwamba karatasi haibahatishi kama fundi.

Juzi Bi Zuhura aliingia dukani, akanisimamia mezani.

"Wewe ndiwe msomi wa kuniuzia nyumba?"

"Bi Zuhura, mimi nashauri juu ya chombo tu."

"Haya. Hicho chombo umekitizama tumbo?"

"Kina cheti."

"Sikukuuliza cheti. Mimi hata leso siinunui duka hili bila kuikunjua, na mwenye duka tumenyonya ziwa moja!" Makarani wenzangu wakacheka. "Na watu wasema wewe ni mtoto wa fundi wa mashua. Babako naye hutizama rangi?"

Nilimpa hoja ndefu juu ya ukaguzi wa kisasa. Aliisikiliza yote, kwa subira iliyoniudhi, kisha akasema, "Umemaliza? Basi nifungie ile leso ya zambarau."

Swali lake halikuniacha nilale wala nile. Jana asubuhi, maji ya bamvua yalipotoka, nilikwenda Mbaraki. Yoti ilikuwa imeegemezwa kwenye magogo, nyeupe, imenyooka, nikaona fahari tena kwa dakika moja. Kisha nikavua viatu, nikatambaa chini yake na suruali yangu ya kazini. Nilikukumbuka, Baba, jinsi unavyokijaza maji matamu kila chombo kikuukuu unacholetewa, ukakaa chini ya tumbo lake kimya, ukingoja kuona kitalia wapi, yaani maji yatavujia wapi. Mimi sikuwa na maji, na kunyamaza sijawahi kujua. Nilikuwa na kisu.

Kiliingia hadi mpini, kama katika muhogo uliochemka. Nikabishana hata na mbao: nikaziambia ni hapo tu. Nikasogea hatua mbili, nikachoma tena. Ni vilevile. Wadudu wa baharini walikwishaula mkuku wote kwa ndani, na kilichobaki kimesimama ni rangi.

Niliporudi chumbani nilifungua kitabu kile kikubwa. Kilikuwa na sura nzima juu ya mbao za chini. Niliiruka, Baba. Nilijiambia kwamba mimi nimezaliwa kwenye mbao, sihitaji kufundishwa. Kwa hiyo kazi yako sikuifanya kwa kuwa nina vitabu, na kitabu sikukisoma kwa kuwa nina wewe. Nimebishana na watu wengi maishani, lakini hoja hii sijaipatia jibu.

Leo asubuhi nilimkuta Bwana Abdalla na hati mezani, Bi Zuhura amekaa pembeni, buibui limemfunika hadi machoni.

"Bwana, usitie saini. Chini pameoza."

"Nani asema?"

"Kisu."

"Kisu! Si wewe uliyewaambia wazee wangu kwamba fundi hubahatisha na karatasi haibahatishi? Karatasi ndiyo hii. Na jina lako hili hapa."

Nilitoa kalamu nikalikata jina langu, ukurasa baada ya ukurasa, kurasa zote kumi na nne, naye akinitazama.

"Wanifanyia mzaha, Nassor?"

"Hasha, Bwana. Twende Mbaraki kabla maji hayajajaa. Kisu utakishika wewe."

Bi Zuhura alikwishavaa viatu.

Bwana Abdalla alipiga magoti matopeni na kanzu yake, akachoma. Alipokivuta kisu, ncha ilinasa msumari, ikavunjika ikabaki ndani. Hakuinuka upesi. Mzungu mwenye yoti, aliyetukuta pale, alikitoa cheti, akakisoma, akakikunja; nadhani naye alikiamini kama mimi. Tulirudi mjini. Dukani Bwana Abdalla alimpa dada yake hati ya nyumba bila kumtazama usoni, kisha akaniambia, "Kesho uje. Kama ni kazini au ni kuagana, sijui bado."

Ndiyo sababu sikai kitini. Sasa hivi amekuja mtu na sahani ya mahamri na mbaazi kutoka kwa Bi Zuhura, na maneno yake haya: "Mwambie msomi, katika yote aliyoandika, zuri ni lile alilolikata."

Niwe na kazi au nisiwe nayo, mwisho wa mwezi nitakuja. Kisu nitakuja nacho, ncha yake imebaki katika mkuku wa Mbaraki. Usikinoe siku nitakayofika. Siku hiyo kijaze maji chombo chochote kilichopo kiwandani, tukae chini yake wawili, nami nitanyamaza mpaka utakaposema wewe.

Nisalimie Mama, na kaka yangu mkubwa anayekushikia msumeno upande wa pili, na shangazi msusi wa mikeka, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani aliyewahi kunitoa nje kwa ubishi. Mwambie alikuwa na haki. Mafundi wako walionisikia siku ile, wasomee barua hii kwa sauti, usiwarukie ukurasa.

Mwanao aliyekuwa akifungulia bahasha kwa kisu chako,

Nassor