Chokaa Isiyo na Chumvi

Fundi,

Barua zote nilizowahi kuandika zilianza kwa kuuliza hali. Wewe nitakuulizaje hali? Umelala huu mwaka wa pili nyuma ya nyumba yako hapa Ronge, na mimi ndiyo kwanza nimefika kaburini kwako juzi. Mkeo, Mama Wakesho, alinionyesha mahali kwa kidole, kisha akaenda zake kuchuma mboga. Hakunikaribisha chai. Unamjua mwenyewe. Mtu akiondoka kwa Mama Wakesho bila chai, ajue kesi yake imesikizwa na hukumu imetoka.

Nakuandikia nikiwa kanisani, kwenye benchi la mbele. Ni mchana, mlango uko wazi, nasikia mbuzi wa jirani huko nje. Mbele yangu ni ukuta wako. Fundi, ukuta wako umerudi.

Ngoja nieleze kwa utaratibu, maana nikianzia hapo nitalia, na hawa akina mama wanaofagia watanicheka.

Nilipokuja kwako Voi nilikuwa nimetoka shule ya misheni, najua kuchora ramani ya Afrika na ng'ombe mmoja, tena wa upande. Nilijiona msanii. Wewe ulinitazama, ukanipa karatasi ya msasa, ukaniambia nilainishe ubao. Mwezi mzima nilikuwa mtu wa msasa na wa kupondaponda mkonge kutengeneza brashi. Baadaye ndipo tukazunguka pamoja: maduka ya Voi, maduka ya Mwatate, kisha treni ya Taveta mpaka Mahoo na Njukini, na makopo yetu chini ya kiti. Unamkumbuka yule mwenye bucha wa Mahoo? Alilalamika kwamba ng'ombe uliyemchorea mlangoni ana uso wa huzuni. Ukamjibu, "Ungekuwa wewe, ungecheka?" Nilicheka mpaka nikamwaga rangi nyekundu, na wewe ukanuna hadi tuliposhuka Voi.

Lakini somo lililonichosha ni chokaa. Ulikuwa ukiikoroga, unachovya ncha ya kidole kidogo, unaigusisha ulimini, unatema, halafu unasema, "Bado." Unaongeza chumvi. Unaonja tena. Nilikuona kama mpishi aliyepotea njia. Ukaniambia chokaa isiyo na chumvi ni unga tu, haishiki, mvua ikija inaondoka nayo. Na ukuta wenye rangi ya mafuta lazima upigwe msasa kwanza mpaka ukwaruzike, la sivyo chokaa itakaa juu yake kama mgeni mwenye haraka. Hayo uliyarudia mpaka nikawa nayasema nikiwa usingizini.

Jumamosi ulikuwa unapanda milimani kwenu, mimi nikikubebea ngazi, kuchora huu ukuta. Ulichora kwa rangi ya mafuta ule umati wa Injili ulioketi majanini ukingoja mkate na samaki. Mtu mgeni angeona umati tu. Sisi tuliona watu. Yule mwenye sikio lililochanika alikuwa mume wa Nyanya Mkamburi. Yule mama aliyefunga mtoto mgongoni alifariki akijifungua, wakazikwa pamoja. Wote walikuwa marehemu wa Ronge.

Zamani wazee wetu wakifa, baada ya muda vichwa vyao vilitolewa kaburini vikawekwa pangoni, na jamaa zao wakawa wanakwenda kuwaeleza mambo ya nyumbani. Kanisa lilipokuja, pango likaachwa, na wengine wakaona haya hata kulitaja. Wewe hukugombana na mtu. Ulisema tu, "Wamekatazwa kwenda pangoni. Kuja kanisani hawajakatazwa." Ukachukua mkaa ukaanza.

Picha za kamera hazikuwepo. Watu walikaa na wewe kwenye hili benchi wakakuelezea: pua ilikuwa pana, hapana, si hivyo, mdomo ulikuwa unapinda akitaka kucheka. Ulifuta na kuchora, ukafuta tena. Nilikuuliza utajuaje kwamba umempata mtu ambaye hukuwahi kumwona. Ukaniambia, "Wao wakilia, nimempata." Na walilia kweli, mmoja baada ya mwingine. Tangu hapo kila ukoo ukawa unakaa chini ya watu wake siku ya ibada. Kule karibu na dirisha uliacha nafasi tupu kwenye majani. Nilikuuliza kwa nini. "Hapo pana mtu, hajafika tu."

Kisha nikaenda Nairobi.

Najua ulifurahi. Ulinifungia brashi tatu kwenye gazeti. Nairobi nikapokelewa na chama cha wachoraji. Wengi wao Wazungu, Wahindi kidogo, na sisi Waafrika tulikuwa watatu. Tulikutana ukumbini, kila mtu anatundika kazi yake, wengine wanaisema. Siku za kwanza nilikaa nyuma kimya. Halafu nikajua mchezo. Nikajifunza kukunja macho mbele ya picha na kusema ina uzito, au haina uzito. Nikajifunza kuchora wanawake wa buluu, warefu, wasio na nyuso. Waliwapenda sana. Waliniuliza nimefundishwa na nani, nikawajibu nimejifunza mwenyewe.

Nilisema hivyo mara ya kwanza kwa woga. Mara ya pili na ya tatu nilisema kwa raha.

Sasa nifike penyewe. Chama kilipotaka kuona ninakotoka, walikuja wanne kwa gari, wakalala Voi, asubuhi wakapanda hadi hapa. Mwenyekiti wao alikuwa yule mama mwenye kofia kubwa niliyekuandikia habari zake. Wazee wa kanisa waliwapokea vizuri. Baadaye wazee wakaniuliza, kwa kuwa sasa mimi ni mtu wa Nairobi, ninauonaje ukuta wao, nami nikashauri kwamba labda wakati umefika wa kuchora upya.

Hapana. Hivyo ndivyo nilivyojisimulia miaka yote hii, na nimeiandika hapo kwa mazoea. Kweli ni hii.

Yule mama aliingia akaona ukuta wako, akavua kofia. Alisimama muda mrefu. Alimwendea yule mwenye sikio, akarudi nyuma, akamwendea tena. Kwangu hakuwahi kusimama hivyo. Kwa wanawake wangu wa buluu alisema maneno mengi, lakini kofia ilibaki kichwani. Akaniuliza nani aliyechora. Wewe ulikuwa nje, Fundi, umevaa lile koti lako zuri, unangoja uitwe. Nikamjibu upesi kwamba ni mtu wa mabango ya madukani, ananakili kutoka kalenda. Yule mama akasema aah, akavaa kofia. Nikawatoa kwa mlango wa pembeni.

Wivu, si kitu kingine. Na mwenye wivu hatulii mpaka kile kitu kiondoke. Wazee hawakuniuliza neno. Mimi ndiye niliyewafuata, nikawaambia picha ile inalitia kanisa aibu mbele ya wageni, na ni mambo ya pangoni yaliyovishwa nguo. Nilijua ni neno gani lingewaogopesha. Nikawaahidi picha mpya ya kisasa kwa mkono wangu.

Nilirudi baada ya mwezi na rangi zangu za mirija. Nilikukuta hapa mlangoni na ndoo na brashi zako za mkonge. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Uliniambia tu, "Nenda kapumzike, umetoka safari. Ukuta nitakuandalia mimi." Nikaenda nyumbani kwako, Mama Wakesho akanipa chai na viazi vitamu, nikala vyote. Niliporudi, umati wote ulikuwa umekuwa mweupe. Sakafuni hapakuwa na vumbi la msasa hata chembe. Niliona, Fundi. Jicho ulilonifundisha liliona, nami sikuuliza, kwa sababu nilitaka uondoke.

Nikachora wanawake watano wa buluu wenye vikapu. Jumapili watu walikuja wakakaa kila ukoo mahali pake pa siku zote, chini ya watu ambao hawakuwepo tena. Nyanya Mkamburi alinishika mkono akaniambia, "Kazi nzuri, mwanangu." Alikuwa anatazama sakafu.

Ulipofariki nilipata simu ya maandishi kutoka posta. Tulikuwa tunafungua maonyesho wiki hiyo. Nikajibu kwa simu ya maandishi. Maneno matano, na mojawapo lilikuwa jina langu.

Mwaka huu masika yalikuwa makubwa. Mwezi uliopita mzee wa kanisa akaniandikia mistari miwili: "Njoo uone mwenyewe. Watu wanarudi." Nikapanda treni nikidhani mzee amechanganyikiwa. Nilipoingia nikakuta mama mmoja anafagia magome ya rangi ya buluu chini ya ukuta. Aliniambia bila hata kuinua kichwa kwamba wamekuwa wakiwafagia hawa wanawake kila asubuhi tangu mvua ianze. Wanne wamekwisha. Wa tano amebakiwa na goti na nusu ya kikapu. Nyuma yao wako watu wetu, wameketi majanini, hawajapungukiwa hata ukope. Kilichotokea kwanza ni lile sikio. Wanasema Nyanya Mkamburi alipoliona katikati ya mahubiri alisimama akasema, "Huyo, amefika," akakaa, na mhubiri akasahau alipokuwa.

Niliokota gome moja. Upande mmoja buluu yangu, upande wa pili chokaa yako, laini kabisa. Nikaigusisha ulimini.

Haikuwa na chumvi.

Wewe, ambaye hungepaka chokaa hata banda la mbuzi bila kuionja! Nilikaa hapo sakafuni nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Ulijua tangu mlangoni nilikuja kufanya nini. Ukanitengenezea ukuta ambao ningeweza kukosea juu yake, na kosa lenyewe likaanguka siku moja bila kumwumiza mtu. Hukumwambia mkeo wala wazee, ukakaa mwaka mzima unasali chini ya wanawake wangu wa buluu. Ungenitukana ingekuwa nafuu. Tusi ningelijibu.

Basi nimebaki hapa. Chokaa iliyosalia naitoa kwa kitambaa chenye maji, polepole. Na yule mama mwenye kofia nimemwandikia. Nimemweleza ni nani aliyechora, kwamba hakunakili kalenda yoyote, kwamba yeye ndiye aliyenifundisha, na kwamba alikuwa amesimama nje siku ile. Hajajibu. Huenda wakaondoa kazi zangu kwenye maonyesho yajayo. Nimelifikiria hilo na limeniuma, sitakudanganya, lakini barua nimekwisha kuitia posta.

Limebaki jambo moja, na ndilo linaloniaibisha kuliko yote. Ile nafasi karibu na dirisha. Nilichukua mkaa nikuchore, Fundi, mkono ukasimama. Sikujui uso. Miaka sita tulikaa pamoja, na ninachoweza kuchora bila kukosea ni mikono yako: lile kovu la kisu cha kukatia kioo, ule ukucha uliokuwa na rangi ya kijani daima. Nilikuwa natazama mikono nipate kazi. Nilipoipata, sikuinua macho.

Kwa hiyo nimefanya ulivyokuwa ukifanya wewe. Watu wanakuja, wanakaa kwenye benchi, wananielezea. Nyanya Mkamburi anasema paji lako lilikuwa na mikunjo mitatu, mzee wa kanisa anabisha kwamba ni miwili. Kuhusu masharubu wamegombana tangu Jumatatu. Nafuta, nachora, nafuta. Jana Mama Wakesho aliingia na kikapu chake cha mboga, akasimama nyuma yangu. Akasema, "Jicho la kushoto lilikuwa dogo kidogo." Nikarekebisha. Akaangalia tena, akaondoka.

Hakulia. Kwa hiyo najua sijakupata bado.

Pumzika, Fundi. Nakuahidi sirudi Nairobi kabla mkeo hajakaa kwenye hili benchi akalia. Ile nafasi ilikuwa imeingiwa na unyevu ikawa njano, nami nimeiandaa upya kwa mkono wangu. Nimeipiga msasa mpaka vidole vikafa ganzi. Nikakoroga chokaa, nikachovya kidole kidogo, nikaonja. Bado. Nikaongeza, nikaonja tena. Ina chumvi, Fundi. Wewe hutabanduka.

Ni mimi,
Mwadime, niliyefundishwa kazi na Fundi Mwakio wa Voi.