Vigelegele vya Queensburgh

South Beach, Durban
3 Machi 2024

Yaya Marie-Jeanne, dada yangu mpenzi,

Mnaendeleaje huko Bukavu? Na mguu wa Mama? Mimi ni mzima, tena mapenzi yameninenepesha. Ladislas wangu amekuwa meneja kiwandani Jacobs! Ijumaa walimfanyia sherehe pamoja na mzungu mmoja aliyepandishwa cheo naye. Bosi alimsifu mno: ana nguvu za kuzaliwa, anatabasamu daima, anajieleza vizuri ajabu, hana majivuno. Ningekaaje kitini? Nilipiga vigelegele, nikamchezea, nikambandika noti kwenye paji la uso kama kwetu. Wote walitoa simu wakatupiga video! Jumamosi Bosi ametualika kwake Queensburgh, nirudie mbele ya wageni wake wa Johannesburg.

Mume wangu tu ndiye amekuwa kimya. Nadhani ni uchovu.

Mdogo wako,
Madame Meneja, Immaculée


Bukavu, 5 Machi

Mdogo wangu,

Ujumbe wako umetukuta salama. Mguu wa Mama umepungua uvimbe. Ila niambie: huyo mzungu alisifiwa nini? Na lile tanuri la kiwanda lililowashinda mafundi wote, Ladislas akalichorea nyaya upya kwenye meza yenu ya kulia, iko mtu aliyelitaja? Muulize mumeo. Usimuulize kama amechoka.

Yaya wako


Durban, 7 Machi

Yaya,

Nisamehe, leo sina salamu. Nilimuuliza. Mzungu aliitwa kichwa cha kiwanda. Wangu akapewa nguvu na meno! Tanuri halikutajwa. "Tena yeye hatusumbui kama wenzake," Bosi alisema, na mimi, na Kiingereza changu cha sekondari, nilisikia sifa nikashangilia. Mtu ana digrii ya umeme ya Lubumbashi, wanashangaa anajieleza vizuri. Walitarajia abweke? Nimeitazama ile video. Wanacheka, Yaya, na mimi katikati naruka. Nimesugua meno mpaka ufizi ukatoka damu. Kinyaa hakitoki.

Nikamwambia, "Tusiende."

"Tutaenda, chérie. Bosi ndiye anayesaini barua ya kibali changu cha kazi."

Akanibusu mkono. Nikalia.

Immaculée


Durban, 10 Machi

Yaya wangu,

Mama amelala vizuri? Mimi sikulala, kwa furaha na hofu.

Jana kwake Queensburgh Bosi alianza tena: nguvu, tabasamu. Akanikonyeza. Nikakalia mikono yangu. Wageni wameshika simu juu, wanangoja.

"Haya, Mama, tuchezee!"

Ladislas akasimama, ndani ya suti ya harusi yetu, mzuri jamani! Akasema, "Mke wangu anangoja Bosi afike kwenye kazi niliyoifanya." Kisha akaieleza mwenyewe, tanuri lote, waya kwa waya. Mgeni mmoja akaweka simu chini, akaanza kumuuliza maswali.

Bosi akacheka kwa pua. "Eish, cheo kidogo tu, tayari ana kiburi."

Juzi hana majivuno, leo ana kiburi! Hapo ndipo nilipopiga vigelegele, mpaka sauti ikakatika. Noti nikambandika pajini, bila kumwangalia mtu mwingine.

Barua ya kibali haijasainiwa. Kesho ni Jumatatu, Yaya, mtuombee. Njiani kurudi, roboti, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ilikuwa nyekundu, nikambusu mume wangu, ikageuka kijani, magari yakatupigia honi, nikaendelea.

Mdogo wako,
mke wa injinia Ladislas