Bibi Hakusalimiwa

Jumanne, Ujiji

Kumbe hata Idi. Watu wa mtandaoni nimewazoea. Wakishajua gemu imetengenezwa kwa programu ya wanaoanza, wanaiita takataka bila hata kuicheza. Lakini kaka yangu wa tumbo moja!

Leo nimempa simu ajaribu gemu yangu. Akacheka. "Hizi si za kubofyabofya tu? Hata mtoto anatengeneza."

Ndani ya gemu akafika kwenye nyumba ya bibi, yenye dagaa walioanikwa uani. Bibi mwenyewe amekaa kizingitini. Idi akampita, akabonyeza mlango, akabonyeza tena. Haufunguki.

"Unaona? Mbovu. Ndiyo maana zinadharaulika." Akanirudishia simu, akaenda zake Katubuka.

Si mbovu. Mlango unafunguka ukimsalimia bibi. Sote wawili katulea yeye, na hakuna aliyeingia kwake bila shikamoo. Tangu tumzike nimekuwa nikiitengeneza hii, na sikudhani Idi angehitaji kuelekezwa hapo.

Alipoondoka nimeicheza mwenyewe. Nikamsalimia. Akaitikia yale niliyomwandikia:

"Marahaba, Idi. Mbona umechelewa?"