Dada Doto, Bomba la Rangi Bado Liko Ngokolo

Dada yangu Doto,

Shikamoo. Najua utaitikia "marahaba" kwa haraka ili nifike kwenye jambo lenyewe, maana ndivyo ulivyo. Leo naomba univumilie. Jambo lenyewe lina aibu kidogo, nami nitalizunguka kwanza.

Naandika hadharani, mahali unapoweza kunisoma peke yako, kwa sababu simu yenu huko Katoro ni moja. Nikipiga, anapokea kaka Kulwa. "Bwana karani! Ofisi haijaungua?" Kisha anaweka spika, nanyi mnaniongelesha wawili kwa mpigo, mmoja anaanza sentensi na mwingine anaimalizia, kama mlivyofanya tangu utotoni. Ninayotaka kukuambia hayapiti kwenye spika.

Picha mliyonitumia imefika. Ni kasha la kompyuta, lile ambalo wateja wetu wote waliliita sipiyu, limepigwa buluu iliyoiva na kuwekwa juu ya stuli. Nilikuwa ofisini, mafaili yamenizunguka. Niliikuza ile picha kwa vidole nikakagua kona moja baada ya nyingine nikitafuta kasoro. Niliitafuta kwa hamu, dada. Chozi la rangi, punje ya vumbi, alama ya msasa, chochote. Msimamizi wangu alipita akanitazama usoni.

"Shija, umepata msiba?"

"Hapana, mama. Ni picha ya kompyuta."

Aliondoka akitikisa kichwa. Mimi nikaendelea kutafuta, na kasoro sikuipata. Nilichokipata ni nyinyi. Ubavu wa lile kasha umelainika mpaka umekuwa kioo, na ndani ya kioo mmesimama wewe na Kulwa bega kwa bega, simu iko mkononi mwake, mnacheka. Sikujua kwamba rangi nzuri inaweza kumuumiza mtu kiasi kile.

Unalikumbuka kasha letu la kwanza? Lilikuwa la kompyuta yangu ya mtumba niliyokuja nayo kutoka chuoni, jeupe lililogeuka njano kama jino la mvuta tumbaku. Wewe ulikuwa umetoka kujifunza kupulizia matangi ya pikipiki gereji. Ulilitazama ukasema, "Mdogo wangu, hiki kitu kinakuaibisha. Kilete uani."

Nilitaka ulipulize palepale. Ukacheka. Ulinifanya nifungue skrubu zote, nitoe vyuma vya ndani na kuvifunika kwa kanga ya mama, nioshe bati kwa sabuni, nilisugue kwa msasa wa maji mpaka ule mng'ao wa zamani ufe. Nikasema limekuwa baya zaidi. "Ndiyo," ukasema, "lazima kwanza liwe baya kote sawasawa." Kisha ukalifuta kwa thina, ukapiga praima, ile rangi ya msingi, ukaiacha ikauke, ukaisugua tena taratibu kwa kiganja kilicholowa kama unayemwogesha mtoto.

Kile kifaa chako cha kupulizia rangi tulikiita bomba kwa sababu baba naye alikiita hivyo kile chake cha kupulizia dawa ya pamba. Mama aliliogopa. Alidhani ni lile la baba na bado lina sumu, akawahamisha kuku.

Asubuhi ya kupiga rangi ulimwaga maji uani kwanza ili vumbi lilale. Ulitaka tuanze mapema kabla upepo haujaamka, kwa sababu upepo wa kwetu Ngokolo, hapa Shinyanga, wakati wa kiangazi haumwonei mtu huruma. Ulianza kusogeza mkono kabla ya kubonyeza, ukapita juu ya bati kwa mwendo mmoja, ukaachia ulipokwisha kuvuka ukingo. Mkono wa kwanza wa rangi ulikuwa mwembamba, bati bado likionekana chini yake. Mkono wa pili vilevile. Nilisimama nyuma yako nimebana pumzi.

Ndipo Mama Milembe, jirani yetu, alipoingia kuomba moto.

"Mwangaluka, wanangu!"

Nawe, Msukuma uliyelelewa vizuri, uligeuka, ukapiga goti la heshima, ukaitikia, "Mwangaluka, mayu!" Kidole chako kilikuwa bado kimebana. Ulimaliza salamu yote, habari za nyumbani, habari za ng'ombe, habari za mgonjwa wake, na ulipogeuka rangi ilikuwa imejaa mahali pamoja na kuteremka hadi chini.

"Naona kazi yenu inalia," Mama Milembe akasema.

Tulicheka mpaka mama akatoka ndani. Halafu ukakaa chini ukalitazama lile chozi, ukaniambia, "Mtu mzima akikusalimia huwezi kumpa mgongo, na rangi nayo haingoji. Basi wewe, Shija, kazi yako ni salamu."

Ikawa hivyo. Watu wakaanza kutuletea makasha yao, na kila ulipopuliza mimi nilisimama langoni. Nilipokea shikamoo za watoto na kuwatolea wazee shikamoo zangu, nikawaulizia ng'ombe, mvua na wajukuu, nikawazuia pale mpaka nilipokusikia ukisema, "Tayari!" Wewe unanijua. Nikiitwa na msimamizi nahesabu makosa yangu yote njiani, nikisaini karatasi naisoma mara tatu nikiogopa kufukuzwa. Langoni kwetu sikuogopa. Wazee walisema kijana wa Ngokolo ana adabu, hawakujua kwamba nalinda rangi. Nadhani hiyo ndiyo kazi pekee ambayo nimewahi kuifanya bila hofu.

Sasa nifike kwenye aibu.

Nyinyi mlizaliwa wawili. Kulwa akatangulia, wewe Doto ukafuata, nami kwa kuwa nilizaliwa baada ya pacha nikaitwa Shija. Mtu yeyote wa kwetu akisikia jina langu anajua kuna wawili mbele yangu. Nimewahi kujitambulisha ofisini kwa mgeni kutoka Masumbwe, naye kabla hajaniuliza kazi yangu akauliza, "Pacha wako wapi?" Nilimjibu kwa adabu. Moyoni nilitamani aulize habari zangu.

Kulwa alipohamia Katoro kufungua duka la kompyuta nilisikitika kidogo, kama inavyotakiwa. Halafu nikagundua kwamba chakula cha jioni kimekuwa kitamu. Ulianza kunisimulia mimi mambo ya gereji. Ulianza kuniuliza mimi, "Hii nyeusi au ile ya kijivu?" Kwa mara ya kwanza nilikuwa na dada ambaye sikuhitaji kusubiri zamu ya kuongea naye.

Kisha akaja kututembelea. Aliliona kasha langu mezani, akapitisha kidole juu yake, akaliinamia kuangalia kama mwanga wa dirisha umenyooka juu ya rangi.

"Hili limetoka kiwandani?"

"Limetoka uani," mama akajibu kwa fahari.

"Doto, unafanya nini huku? Katoro watu wana hela ya dhahabu, wanataka kitu king'ae. Twende."

Hukuniangalia, dada. Nilikuwa nimeshika sahani, nikasubiri uniangalie. Ulimwangalia yeye, mkacheka kile kicheko chenu cha pamoja, na kabla ya wiki kuisha ulikuwa umefunga mizigo. Bomba ulisema utalifuata.

Nimesikia kwamba mna chumba kizima cha kupulizia, kimezungushiwa nailoni, mlango unafungwa, vumbi haliingii na mtu haingii. Hakuna anayesimama nje kupokea salamu. Nilipouliza wageni wanapokelewa na nani, Kulwa akajibu kwenye spika, "Salamu? Bwana karani, huku tunabandika karatasi mlangoni!" Nikakusikia na wewe unacheka. Siku ile nilimchukia kaka yangu kwa muda mfupi, nikaogopa, nikamwombea.

Wiki iliyopita mkanitaka nilitume bomba kwa basi. Mlisema la kuazima mnalotumia mwenyewe analihitaji. Mimi, kwa sababu sijawahi kukataa neno lenu, nilililoweka kwenye thina, nikalikausha, nikalifunga kwenye boksi na kulipeleka kituoni.

"Mzigo gani?" akauliza wakala wa vifurushi.

"Bomba."

"La pamba?"

"La rangi. Linaenda Katoro, kwa dada yangu."

"Namba ya mpokeaji?"

Namba niliyonayo ni ya Kulwa. Nilianza kuitaja, nikaishia katikati. Nilikuwa nimelikumbatia lile boksi. Wakala alilivuta kidogo, nami nikalivuta kidogo.

"Kaka, unalisafirisha au unaliaga?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Nikaomba radhi, nikarudi nalo nyumbani, na jioni nilipowaambia kwamba bado sijapata nafasi ya kufika kituoni, niliwadanganya.

Huu ndio ukweli. Bomba likiondoka huna tena kitu Ngokolo. Mama utamsalimia kwa simu. Mimi nitaletewa picha.

Sitalituma, dada. Najua lina kazi na najua wateja wanangoja. Lifuate. Na uje peke yako, bila Kulwa, kwa siku moja tu. Sitakuomba ubaki. Nataka ukae mezani tukiwa wawili, unisimulie jambo ambalo yeye bado hajalisikia.

Kulwa ana hela. Anaweza kununua bomba jipya leo hii, na mimi nikabaki nimekumbatia boksi kama mjinga. Nimelifikiria hilo kabla ya kuandika. Akilinunua usiniambie kwa spika. Wewe niepuke tu taratibu, nitaelewa.

Kama unakuja, mwambie mama siku. Mimi nitaomba ruhusa ofisini, japo sijawahi kuomba.

Ni mimi mdogo wako, uliyemwachia ziwa,
Shija