Kabla Ngoma Haijaingia

Jumatatu, 17 Machi 1997

Nakaanga sambusa tangu asubuhi. Mafuta machafu. Embago hii, nchi jirani kutufungia mipaka, imefanya mafuta masafi kuwa hadithi. Mchana Mama Zuhura wa jirani akaongeza sauti ya redio, na mtaa wetu wote hapa Buyenzi ukanyamaza. Matangazo ya vifo. Kwanza gitaa, halafu majina.

Gitaa ni la Evariste wetu. Wimbo ni wetu, "Ngoja Nivae Viatu". Tulipourekodi, Les Volts ilikuwa bendi ya roki iliyojaza ukumbi mpaka watu wakacheza nje barabarani. Ni wimbo wa kuchekesha: mume anamsubiri mkewe watoke kwenda dansi, mke hamalizi kujipamba. Unaanza polepole, gitaa peke yake. Kisha Saidi anaingia na ngoma. Kisha mimi na sauti.

Redio wanakata kabla ngoma haijaingia. Mwaka wa pili sasa. Kila siku mji mzima unamsikia Evariste, na mimi sisikiki.

Naona wivu. Wivu wa matangazo ya vifo! Niandike tu, hakuna atakayesoma.

Ijumaa, 21 Machi

Saidi amekuja mbio kutoka gereji, mikono imejaa grisi. Tumepata arusi! Mutanga Sud, Jumamosi baada ya Pasaka. Baba wa bwana arusi ni mtu wa wizara, enzi zake hakukosa dansi letu hata moja. Kazi ya kwanza tangu mwaka jana. Nilimkumbatia Saidi na grisi yake.

Kisha likaja sharti. Alilitamka akiangalia chini.

"Dada Mwaju, wamesema tupige yote. Lakini ile ya wafu, apana."

Ile ya wafu. Ndilo jina lake siku hizi. Wakristo wakiusikia wanafanya ishara ya msalaba, sisi tunasema Inna lillahi. Hata watoto wanajua kunyamaza. Bibi arusi gani atataka bendi ya namna hiyo mbele yake? Siwalaumu. Lakini nimeumia.

Jumapili, 23 Machi

Mazoezi, gereji kwa Saidi. Mpiga besi hatuna. Fidèle alikwenda Mutakura kumtafuta mama yake mwaka ule wa fujo, hakurudi. Nafasi yake tunaiacha wazi, hakuna anayetaja kuleta mwingine. Uzi mmoja wa gitaa ulikatika, nyuzi hazipatikani, Evariste amefunga waya wa breki ya baiskeli.

Saidi ameifunika ngoma ndogo kwa kanga kuukuu. Si mapambo. Kwenye arusi moja aliipiga kwa nguvu, pa!, wageni wote wakalala chini. Bibi arusi alijificha chini ya meza na shela lake. Tangu siku hiyo Saidi anapiga kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa.

Na sisi wote tumekuwa hivyo. Zamani tulikuwa tunagombana nani azidishe sauti. Sasa kila mmoja anashusha ya kwake. Hata nyimbo za kuruka zimekuwa nzito. Nilimwambia Saidi akimbize. Alikimbiza kidogo, mara akarudi palepale. Mimi pia koo langu limezoea kuimbia ukutani ili nisisikike nje.

Evariste ndiye mbaya zaidi. Katikati ya wimbo wowote vidole vyake vinateleza kwenda kwenye ule mwanzo wa redioni. Anashtuka, anaomba msamaha. Mtu huyu alikuwa na majivuno! Alivaa miwani ya jua ndani ya ukumbi, usiku. Sasa anaomba msamaha hata akikupisha mlangoni. Nilimkasirikia, kisha nikajisikia vibaya njia nzima ya kurudi.

Jumatano, 26 Machi

Tumeamua. Kwenda redioni kuomba wautoe. Saidi amesema wakiendelea kuupiga, sisi tutabaki watu wa mazishi hadi tufe. Nikaunga mkono kwa nguvu zote. Evariste alikuwa anaangalia gitaa lake.

"Muende tu," alisema. Mwenyewe hakuja.

Kijana aliyetupokea redioni ni mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Alitutazama mara mbili.

"Mama, mi nilizani ule mutu wa gitaa alishakufa. Tulikuta tu kaseti, imekatwa vile."

Hakujua kwamba una ngoma. Hakujua kwamba una mwimbaji. Nikamwimbia ubeti mmoja palepale mlangoni, akacheka, akapiga makofi. Eti kumbe ni ya kufurahisha! Ameahidi kwamba baada ya Pasaka wataweka kitu kingine.

Nimerudi nyumbani natembea kama msichana. Mtu amenisikia. Mtu mmoja, mgeni, mlangoni, na bado nina furaha ya kijinga.

Jumanne, 1 Aprili

Mchana wa leo, filimbi. Ya baridi, ya wazungu, halafu majina. Mama Zuhura akaipiga redio kibao, akidhani imeharibika. Nilicheka mpaka machozi.

Tumeutoa makaburini. Jumamosi hatutaupiga, sharti ni sharti. Lakini watu watausahau msiba wake polepole, na mwakani, Mungu akipenda, tutaupiga wote. Wote! Pamoja na sauti yangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Evariste hakuja mazoezini jana wala leo. Nikaenda kwake Nyakabiga. Nilimkuta amekaa mbele ya redio iliyozimwa, ndevu zimemea.

Wimbo ule alimtungia mkewe, Consolata. Hilo tunalijua sote, tulimtania nalo miaka mingi, maana ndiye aliyekuwa hamalizi kujipamba. Consolata aliuawa na guruneti mwaka wa tisini na tano, mwezi ambao mimi na Saidi tulikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, pamoja na nusu ya Buyenzi. Hatukumzika. Tuliporudi tulikuta redio wanautumia wimbo, tukadhani wameuchagua wenyewe.

Sivyo. Leo amenieleza, kwa sauti ya kawaida, kama anamwelekeza mtu njia ya dukani. Ni yeye aliyeupeleka. Alipeleka tangazo la mkewe pamoja na kaseti, akawaomba waweke mwanzo tu, wakate kabla ya ngoma, kwa sababu ngoma msibani haikumpendeza. Wao wakaona unafaa. Kesho yake wakautumia kwa wengine, na kesho kutwa.

"Kila siku walikuwa wanamutangaza yeye kwanza," alisema. "Halafu wale wengine."

Nikamwuliza kwa nini hakutuambia. Kwa nini alisema muende.

"We ulitaka kuimba, Mwaju."

Nilimwambia kesho nitarudi redioni, nitapiga magoti, watauweka tena. Akakataa. "Apana. Wacha. Wafu wa leo nao wapate ya kwao."

Nilirudi kwa miguu. Najichukia. Hata hivyo bado nataka kuimba Jumamosi, na kwa hilo najichukia zaidi.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimerudi mapema, jua bado lipo. Hiyo yenyewe inatosha kueleza.

Evariste alikuja. Amenyoa, amevaa koti lake la zamani la jukwaani, sasa linamning'inia. Tukapiga. Wageni walitusikiliza kwa adabu, kama wanaosubiri hotuba. Alicheza shangazi mmoja tu, naye alichoka. Watu hawa hawa! Wengine niliwatambua. Walikuwa wanavunja viti kwa ajili yetu.

Kisha baba wa bwana arusi, bia zimeshamkolea, akasimama.

"Les Volts! Pigeni ile yenu! Yote! Redio wameiacha, si imerudi kwenu?"

Mkewe alimvuta koti. Hakusikia. Evariste alinitazama. Nilitikisa kichwa, usipige. Akaanza.

Sijawahi kumsikia akipiga vile, hata tulipokuwa juu. Glasi zote zikawekwa mezani. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Saidi akaivua kanga kwenye ngoma, akainua fimbo. Mimi nikavuta pumzi. Miaka miwili niliisubiri pumzi hiyo.

Evariste akaacha. Palepale redio inapokata. Mkono wake ukashuka.

Saidi fimbo hewani. Mimi mdomo wazi. Evariste akaomba msamaha, akaanza upya, akafika palepale, akaacha tena. Akanigeukia na uso wa mtu aliyepotea kwenye mtaa aliozaliwa.

"Haiendelei," aliniambia.

Mama wa bwana arusi akaangua kilio. Sijui alikuwa anamlilia nani, kila mtu pale ana wake. Kijana mmoja akaweka kaseti ya Kikongo, watu wakainuka kucheza, wengi kwa mara moja, kama waliofunguliwa. Sisi tukafungasha vyombo. Hakuna aliyetugombeza. Afadhali wangetugombeza.

Jumapili, 6 Aprili

Sikutoka. Sikula.

Jumanne, 15 Aprili

Saidi amepandisha ngoma juu ya dari la gereji. Hatujasema bendi imekufa. Amesema tu kwamba chini zinamsumbua, anahitaji nafasi ya magari.

Asubuhi Evariste alipita, mfuko mmoja begani, gitaa hana. Anakwenda Ngozi, kaskazini, kwa dada yake, amepata nafasi kwenye lori linalopanda na msafara wa askari. Nilimpa kigoda kando ya jiko. Akaniomba nimwimbie. Wote, taratibu, bila chombo.

Wateja walikuwepo, nikaona haya kidogo. Nikaimba. Mahali pa gitaa nilinyamaza, nikalisikia kichwani mpaka lilipokwisha, nikaingia. Ubeti wa kwanza, kiitikio, wa pili, mpaka mwisho. Moshi ulinikwaruza koo. Mama Zuhura alisimama na ndoo yake.

Evariste alisikiliza macho yamefumbwa. Nilipomaliza alibaki ametega sikio, kana kwamba kuna kilichobaki.

"Inaisha vile?"

"Inaisha hivyo."

"Nilikuwa nimesahau," alisema. Akanishukuru.

Nilimfungia sambusa za njiani kwenye gazeti. Nikamsindikiza mpaka kona, hakutaka niende zaidi ya hapo. Niliporudi kulikuwa na watu wanasubiri, nikawasha moto upya.